Mtihani wa Sebuleni

Sheria ni moja: anayesomea udaktari wa kuwafunza na kuwasimamia washauri nasaha hutahiniwa nyumbani kwake, kwa msiba wake mwenyewe. Akimgusa mfiwa, amefeli.

Tumpale, mtahiniwa wa siku hiyo, alikaa pembeni, chini ya kamera ya chuo, huku mwanafunzi wa ushauri nasaha aliye chini yake akimhoji Sekela, binti wa Tumpale mwenye miaka minane, aliyefiwa na baba juzi.

“Baba alikufa akiwa amekukasirikia?”

Mtoto akaangua kilio. “Mama, mwambie aache! Nipakate!”

Mikono ilimwasha Tumpale. Akaikalia.

“Umeuliza kwa pupa,” alimwambia mwanafunzi. “Rudia swali, taratibu zaidi.”

Taa ya kijani ikawaka kwenye kamera: amefaulu.

Jioni alimnyooshea mwanawe mikono. Sekela akabaki mlangoni.

“Shikamoo, Daktari.”