Mabawa ya Bluu

"Wifi, shati la bluu liko wapi?"

Saturnina aliinua kichwa. Ilikuwa siku ya tano tangu wamzike mumewe, na ukoo mzima ulikuwa mtoni, ukitafuna majani ya koka na kuchoma nguo za marehemu. Nguo hata moja ikibaki, roho haiondoki.

Binti yake alikuwa amejikunyata juu ya jiwe, akichezesha ndege aliyemtengeneza kwa chupa ya mafuta ya kupikia. Macho yalikuwa vizibo vya soda, mdomo kipande cha trei ya mayai. Mtoto alivuta uzi, mabawa yakapigapiga.

Mabawa yalikuwa ya bluu. Kwenye bawa moja kulikuwa na kifungo cheupe kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Saturnina ndiye aliyekishona.

Alimsogelea, akanong'ona, "Mwanangu, hukujua nguo za baba zinachomwa leo?"

"Nilijua, mama," akajibu bila kuinua macho. "Ndiyo maana nikalikata."

"We Saturnina!" wifi yake akapaza sauti kutoka motoni. "Tunakungoja wewe tu!"

Saturnina alikishika kile kifungo, akakifunika kwa kidole gumba.

"Si tulimzika nalo, wifi?"