Nyumba ya Siku Moja

Siku hizi mjini Tanga hakuna anayeruhusiwa kukarabati nyumba yake mwenyewe. Unasubiri zamu yako, kisha watu wa televisheni wanakuja na mashine zao, na kufikia jioni nyumba imekuwa mpya huku mji mzima ukitazama.

Zamu ya Mwanakombo ilipofika, aliomba wazibe tu paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha baba yake, Mzee Shekue, aliyekuwa kipofu. Mtangazaji alicheka. "Dada, nani atakaa kutazama bati likizibwa?"

Jioni waliporudishwa, kuta za ndani zilikuwa zimevunjwa na kubaki ukumbi mmoja mkubwa unaong'aa. Mwanakombo alipiga vigelegele kama alivyofundishwa. Mzee Shekue alinyoosha mkono kutafuta ukuta uliokuwa ukimwongoza hadi chumbani kwake tangu apofuke. Akapapasa hewa. Alijaribu kusogea mbele, akasimama, machozi yakaanza kumtoka.

"Mzee analia kwa furaha!" mtangazaji alitangaza, na majirani wakapiga makofi.

Magari yalipoondoka, Mwanakombo alimshika baba yake mkono akamketisha kwenye sofa jipya. Mzee hakuegemea. Alikaa na fimbo yake magotini, kama mgeni.

"Mwanangu, hawa watu wametukirimu vya kutosha," alisema kwa upole. "Waage, twende zetu nyumbani."

Mwanakombo alizungusha macho katika ule ukumbi mweupe.

"Tupumzike kidogo, baba," akasema. "Tutakwenda."