Kinachopasua Nyavu

Dukani, Aimable aliikataa taa kwa mara ya tatu.

"Itashitua samaki," alisema. "Mi sitaki taa."

"Sasa utaona na nini?" aliuliza Mukabera, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi. "Kule chini iko giza."

"Macho inazoea, mama."

Kwa mwezi mzima nyavu walizotega ziwani, mbele ya Gisenyi, zilikuwa zikitoka majini zimepasuka. Wengine walisema ni miamba ya volkano. Wengine walisema ni vyuma vya boti iliyozama zamani. Aimable peke yake ndiye aliyejifunza kupiga mbizi, tena miezi mitatu tu iliyopita, kwa hiyo ushirika ulikubali kumnunulia vifaa na kamera ashuke akapige picha ya hicho kitu. Nyavu zilizobaki zilikuwa mbili. Zikipasuka na hizo, familia kumi na nne hazingekuwa na kazi.

Mukabera alimwonyesha mapezi ya kuvaa miguuni, ya manjano.

"Chukua hii, tukuone ukiwa majini."

"Mi nataka nyeusi."

"Nyeusi, utafanana na bata ya kuungua."

Aimable aliyachukua meusi. Suti ya mpira pia alichagua nyeusi.

Olivia, mwenye duka, alipanga kamera mbili mezani. Upande mmoja wa duka aliuza vifaa vya kupigia mbizi; upande wa pili, nyavu mpya zilining'inia toka darini hadi sakafuni. Mukabera aliigusa kamera kubwa.

"Hiyo ni ya wazoefu, mama," Olivia alisema. "Mutu anayeanza itamusumbua. Bora hii ndogo. Inashuka mpaka mita tano."

"Nyavu zetu ziko mita kumi na tano."

"Donc, basi, atapiga kwa juu. Picha itakuwa na ukungu kidogo."

"Ukungu tunao huku juu, hatuhitaji kuuzamia."

"Mama, mi ndo naenda chini," Aimable alisema taratibu. "Mi nataka ndogo."

Mukabera alimtazama, akakubali. Kabla ya kulipa alishika wavu mmoja mpya, akauvuta kwa vidole kupima uzi.

"Na asipokiona hicho kitu, tutarudi kwako kwa hizi."

"Hazitakosa, mama. Nimeshaagiza zingine."

Mukabera alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alilipa, akamshika Aimable begani.

"Familia kumi na nne, mwanangu. Usisahau."

"Sisahau, mama."

Mukabera alitoka kutafuta pikipiki ya kubeba mtungi wa hewa. Olivia alingoja mpaka mlango ukajifunga. Alitoa kisu kifupi chini ya meza, akakijaribu makali kwa kidole gumba, akakisukumia ndani ya mfuko wa Aimable, chini ya mapezi.

"Safari hii kata katikati," alisema. "Ukikata pembeni wanashona."