Filamu za Nusunusu

Mwaka ule Lupe alitazama filamu arobaini na moja, na alizozifikisha mwisho ni mbili tu.

Si kwamba alikuwa mvivu wa kutazama. Alikuwa na kaka watatu. Pale Neiafu, kama visiwa vyote vya Tonga, msichana haketi chumba kimoja na kaka yake wakatazama filamu. Likitokea busu moja tu, aibu hiyo mtaificha wapi? Basi kaka akiingia kutoka shambani, Lupe huinuka bila kuambiwa, akaenda jikoni, akabaki kusikiliza risasi na vilio kupitia ukutani. Na kaka wenyewe, wallahi, walikuwa wakirudi pale pale muuaji anapokaribia kujulikana.

Ndiyo maana alizoea kumwendea Kepueli, aliyekodisha diski karibu na soko, kumwuliza zimeishaje.

"Hii ya mizimu ovyo kabisa," aliwahi kumwambia, akiitupa diski mezani. "Mzimu gani unabisha hodi? Wa kwetu ungekuwa umeshaingia jikoni unafunua sufuria. Haya, nani alikufa?"

"Wote."

"Afadhali. Na ile ya kuchekesha usiniletee tena. Mtu anaanguka mara tisa, nicheke mara tisa? Ya vita ina kelele, lakini ina watu. Ya mapenzi sina la kusema, kaka Semisi aliingia dakika ya tano."

Kepueli alicheka mpaka akashika meza. Akamsimulia ile ya mapenzi yote, polepole, wateja wakingoja na kununa. Mambo yao yalianzia hapo. Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, Lupe ana mimba ya miezi mitatu, na waliojua ni yeye, mama yake na Kepueli.

"Mapenzi ni kikohozi, na tumbo ndiyo usiseme," mama alimwambia mchana ule, akimfunga kiunoni mkeka unaovaliwa kwa heshima, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Baba yako akikataa umekwisha. Mchungaji atakutaja mbele ya watu, na mtoto atakosa jina. Halafu, jamani, katika wanaume wote ukaenda kumwokota mtu wa kisiwa cha Lifuka! Baba yako alikaa kule miaka miwili akijenga gati, kabla hajanioa, na mpaka leo hataki hata kupasikia."

"Atakubali," alisema Lupe. Hakuamini mwenyewe.

Kaka zake walikuwa shambani wakichimba viazi vikuu. Kepueli alifika alasiri kuposa, na mzizi wa kava wa kutengenezea kinywaji cha wazee, mkeka mpya, na filamu ya vita, maana alishaambiwa mzee Sitiveni, baba yake Lupe, anapenda vita. Mzee akaipokea kava bila kumtazama mgeni usoni. Hata kumkaribisha hakumkaribisha.

"Iwekeni hiyo filamu," alinguruma. "Nione kijana ana akili gani."

Wakatazama. Mama alijichimbia jikoni. Lupe aliketi nyuma, karibu na mlango, na saa nzima ikapita bila mtu kumwinua. Filamu yenyewe hakuiona. Alikuwa akiutazama mgongo wa baba yake.

"Huyo askari mjinga," mzee alisema ghafla. "Nani anakimbia wima mbele ya bunduki?"

"Mjinga ni mkuu wake, mzee," Kepueli alijibu. "Kamtuma yeye kwa sababu hana watu wa kumlilia."

Mzee akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. Alimtazama sana. "Na wewe watu wako ni akina nani?"

"Nina bibi tu, mzee, yuko Lifuka. Mama alifariki nikiwa na miaka sita."

"Mama nani?"

"Lavinia. Alikuwa akiuza mikate pale gatini."

Mzee akaigeukia tena runinga. Humo watu waliendelea kufa.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

Lupe alisali kimoyomoyo. Baba yake aliponyamaza namna ile, kwa kawaida kilichofuata ni kiti kurushwa uani. Lakini mzee alipofungua mdomo, sauti ilikuwa imelainika.

"Umekula, mwanangu?"

Mwanangu! Lupe nusura aruke. Hata Semisi, kifungua mimba, hakukumbuka lini aliitwa hivyo. Akajisogeza kidogo amwone baba usoni, na lo, mzee alikuwa akilia. Machozi yalimtiririka waziwazi, macho kayakaza kwenye runinga, ambapo yule askari mjinga alikuwa akizikwa. Simba wa Neiafu analizwa na filamu! Lupe alimbariki Kepueli kwa kuichagua. Moyo ukamtua, akaanza kupanga: harusi kabla ya mwezi kwisha, gauni pana, mtoto na jina lake.

Filamu ikafika mahali askari aliyesalia anarudi kwao. Mwanamke akatoka nje mbio, akamrukia, midomo yao ikakutana.

Mzee Sitiveni aliinuka. Akaenda kusimama mbele ya runinga, akaizima.

"Inuka, Lupe," alisema. "Nenda ndani. Humu yumo kaka yako."

Lupe aliinuka kwa mazoea, akageukia mlangoni aone ni yupi kati ya wale watatu aliyerudi kutoka shambani. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akamgeukia baba yake, na baba yake alikuwa akimtazama Kepueli.