Mhando Yuko Zamu

Siku hizi mafuta yakimwagika baharini, hakuna kinachohesabiwa kuwa kimetokea mpaka ofisi tatu zikubaliane: bandari, afya na mazingira. Mume wangu, Mhando, alikwenda na kikosi cha mkoa kusafisha ufukwe, akavuta mvuke wa kemikali, akafa. Tulimzika Ijumaa. Bandari na afya wamekubali. Mazingira bado.

Kwa hiyo kila asubuhi kisanduku cha sauti ambacho kikosi kilitufungia jikoni kinaita majina ya walio zamu. Likifika lake, sauti yake inajibu, "Nipo."

Jana alikuja afisa wa kikosi, Bi Pendaeli, akanikuta nimekaa eda.

"Eda ya nani, mama? Mumeo yuko zamu."

"Basi mwambieni aje ale. Ugali unapoa."

"Wewe nawe," akasema, akaandika kitu, akaondoka.

Nikakisogelea kisanduku, nikamwita mume wangu kwa jina la binti yetu. "Baba Tatu, umekula?"

Sauti ya Mhando ikajibu.

"Nimekula, mke wangu. Hivi, walioniosha na kuuona mwili wangu walikuwa akina nani?"

Nilishika mdomo: hao ndio mashahidi wa kifo chake, na aliyewataka ni kikosi. Majina yote manne nilikuwa nayo, na sauti ilikuwa yake kabisa.