Uzi Mwekundu

Gizani, ndani ya chumba ninamokaushia udongo wa watafiti, chekeche lilikuwa linakwaruza. Mama mkwe alikuwa ameniwahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile miti mliyoilisha mbolea tangu tisini na moja imenona kama mabwana harusi! Sasa na udongo utanona."

Mbolea ilikuwa ya kuiga uchafu wa moshi unaoshuka na mvua. Upande mmoja wa msitu tuliupa, mwingine tukauacha. Kopo la udongo wa miti iliyolishwa mama mkwe alilifunga uzi mwekundu yeye mwenyewe. Ng'ombe wake wote waliondolewa na serikali hapa Kondoa ili vilima viote miti na udongo urudi. Hakuwapata tena.

Nikayatoa makopo mawili mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi. Nikachota, nikasugua kiganjani. Weusi wa majani yaliyooza, ambao ndio kaboni wanayoipima watafiti, ulikuwa kwenye kopo lisilo na uzi tu.

"Vipi, mwanangu?" akauliza, akija.

Nikaliziba lile la uzi kwa kiganja. "Bado haujakauka, mama."

Binti yangu Khairat, aliyekuwa amekuja na bibi yake, akauondoa mkono wangu, akachungulia.

"Bibi, huu wa uzi mwekundu umepauka."