Karanga Ndani ya Daftari la Riziki

Bombani walisema mtoto anayefundishwa Kifaransa anaandaliwa kupelekwa mbali, na hatarudi hata kumzika mama yake. Kibibi, muuza karanga, alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimganda moyoni. Asubuhi, binti yake Riziki alipokwenda kuteka maji, Kibibi alilichukua daftari la binti huyo la Kifaransa, akalichana lote, akafungia karanga.

Jioni Riziki alilitafuta mpaka chini ya kitanda. Kisha akaliona sinia la karanga za mama yake.

"Mama, umefungia karanga daftari langu?"

"Nitakununulia jingine."

"Jingine litakuwa tupu. Kitabu anacho mwalimu peke yake, sisi tunanakili. Na mtihani ni kesho."

Hakulia. Alikaa chini, akafungua vifuko tisa vilivyobaki, kimoja kimoja, akazilainisha karatasi gotini. Kibibi, aliyeishia darasa la nne, akauliza pameandikwa nini.

"Majina ya masomo kwa Kifaransa. Hesabu, historia, jiografia." Akageuza karatasi iliyolowa mafuta. "Hapa tuliambiwa tuandike mambo yaliyopita. Nilipenda shule. Nilimsaidia mama."

"Mbona yamepita, mwanangu?"

Riziki alikuwa akitazama barabarani, ambako watu walitafuna wakitembea na kutupa karatasi.

Mama unayesoma haya, usimchanie mtoto daftari. Usibebe maneno ya bombani mpaka nyumbani. Usimwambie utamnunulia jingine. Na karanga zilizobaki usijaribu kuzila, hazimezeki.